Kuhamisha matumbawe kwenye tangi jipya, na kazi mpya ya tangi la zamani

Kila mwenye tangi dogo la matumbawe akipata kubwa huuliza yale yale. Nihamishe yote siku moja? Nichukue maji ya zamani? Mchanga je? Na lile tangi la zamani niliuze?

Kabla ya lolote, shika hili: tumbawe lililokaa nje ya maji dakika mbili halifi kwa sababu hiyo. Kinachoua ni tofauti kati ya maji lilikotoka na maji linakoingia, pamoja na tangi jipya ambalo bado linayumba. Ndiyo maana vifo vingi huja wiki ya pili au ya tatu, wakati mwenyewe ameshauza tangi la zamani na hana pa kulirudisha tumbawe linaloumwa. Acha matangi yote mawili yafanye kazi pamoja mpaka tumbawe la mwisho litulie. Hesabu miezi miwili hadi mitatu. Kama nafasi ya nyumbani hairuhusu matangi mawili, tafuta nafasi kwanza, kisha ndiyo ununue tangi.

Mfano wetu ni tangi la zamani la sentimita 80 × 40 × 40 (lita 128 likijaa) na jipya la 120 × 60 × 50 (lita 360). Likiwa na maji, mawe, mchanga na kioo chake, hilo la pili linapita kilo 400. Meza ya kawaida hailiwezi. Fundi akutengenezee stendi ya chuma, ukaguliwe usawa wake kwa pimamaji, na tangi likae juu ya shiti ya povu kama kioo cha chini hakina fremu.

Vitu vya kuwa navyo

- Rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji), pamoja na kimiminika chake cha kurekebishia cha sehemu 35 kwa elfu. Kuirekebisha kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) peke yake hakutoshi; inaweza kukudanganya kwenye kiwango cha bahari.
- Vipimo vya amonia, naitraiti (NO2), naitreti (NO3), alkalini, kalsiamu, magnesiamu na fosfeti.
- Maji ya mashine ya RO/DI (ya kusafisha maji mpaka yabaki matupu) yanayosoma TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, sifuri. Maji ya bomba yana klorini, na ya kisima cha pwani yana madini yasiyotabirika. Kuyachemsha hakuondoi madini.
- Chumvi ya akwariamu. Lita 300 za maji halisi (mawe na mchanga hula nafasi) zinahitaji takriban kilo 11, yaani gramu 36 hivi kwa lita. Soma mfuko, kila chumvi ina kipimo chake.
- Hita, kipimajoto, pampu mbili za mzunguko, na feni ya kupulizia juu ya maji. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, feni itafanya kazi kuliko hita.
- Pampu ya hewa inayotumia betri, kwa siku ya umeme kukatika.
- Gundi ya papo hapo ya aina ya jeli, epoksi ya majini, patasi ndogo, nyundo, na mkasi wa kukatia mifupa ya matumbawe.
- Ndoo na mabeseni yasiyowahi kuguswa na sabuni. Yaandike kwa wino usiofutika ili asije mtu akayafulia.
- Dawa ya kuogeshea matumbawe, sirinji kubwa, kioo cha kukuzia.
- Glavu na miwani ya kukinga macho.

Usizione glavu na miwani kama mapambo. Zoanthidi (jamii ya matumbawe isiyo na mfupa, inayofunguka kama maua madogo) na ndugu zake wa Palythoa wanaweza kubeba palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Usichemshe jiwe lenye zoanthidi, usilisugue likiwa kavu, usilikate mbele ya uso. Watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililochemshwa jikoni. Ukikatwa au kurushiwa ute jichoni, osha kwa maji mengi. Dalili kama ganzi, maumivu ya misuli au kushindwa kupumua zikianza, nenda hospitali na uwaambie ni sumu ya nini.

Neno moja la sheria. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuyatoa sebuleni kuyapeleka chumba cha pili hakuhitaji karatasi. Kuyavusha mpaka, mathalani unapohama Dubai kurudi Mombasa, kunahitaji kibali cha nchi unayotoka. Na usijazie nafasi ya tangi jipya kwa vipande vya mwambani.

Hatua

1. Lipime tangi kabla ya kulipenda. Lijaze maji baridi mpaka juu, liache saa 48. Pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kona ya silikoni kwa nje. Unyevu wowote, mwite fundi sasa hivi.

2. Andaa mbegu ya bakteria kwenye tangi la zamani. Wiki nne kabla, tumbukiza sifongo na mfuko wa vipande vya kauri mahali maji yanapopita kwa nguvu. Bakteria wanaokula amonia huishi juu ya vitu: mawe, kauri, sifongo, mchanga. Ndani ya maji wapo wachache sana. Ndiyo sababu kuhamisha ndoo kumi za maji ya zamani hakukupi tangi lililokomaa.

3. Tengeneza maji. Weka maji ya RO/DI kwanza, yapashe hadi nyuzi 25, washa pampu, ndipo umwage chumvi kidogo kidogo. Ukianza na chumvi kisha maji, kalsiamu na alkalini hugandana na kuwa unga mweupe chini, na haurudi tena majini. Acha izunguke saa 24, kisha pima: sehemu 35 kwa elfu, au uzito linganifu wa 1.026.

   Walio pwani wengi hutumia maji ya bahari, na yanafaa yakitekwa vizuri. Teka maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mdomo wa mto (karibu na Msimbazi usijaribu), na usiteke siku za masika baada ya mvua kubwa, kwa sababu juu hukaa maji yaliyozimuliwa. Yachuje kwa kitambaa safi kilichofumwa kwa karibu, yaweke gizani wiki mbili, halafu yapime chumvi kama ungepima ya kutengeneza.

4. Panga mawe na uanze mzunguko, yaani kukuza bakteria wa kumaliza amonia. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga uje baadaye kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, siku moja kamba au samaki atachimba na mlima utaporomoka. Ongeza sifongo na kauri ulizoandaa, pamoja na mawe hai (yaliyokwisha kukaliwa na bakteria) mawili matatu kutoka tangi la zamani yasiyo na tumbawe. Usihamishe zaidi ya robo ya mawe hai, la sivyo unalivunjia la zamani uwezo wake.

   Kama mawe yote ni makavu, weka amonia isiyo na manukato mpaka isome sehemu 2 kwa milioni. Tangi likiweza kuimaliza ndani ya saa 24, na naitraiti ikawa sifuri, mzunguko umekamilika. Kama kuna mawe hai yenye wadudu wazuri, usiweke amonia. Tia chembe ya chakula cha samaki na upime kila siku mbili.

5. Mchanga wa zamani uache. Ndani yake umejificha uchafu wa miaka, na tabaka za chini zisizopata hewa huweza kuwa na salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ukiuchota na kuumwaga kwenye tangi jipya unaanza na sumu. Kikombe kimoja kutoka juu kabisa kinatosha kwa mbegu.

6. Fananisha maji mawili. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usipapite mbio. Lengo la tangi lenye mchanganyiko wa matumbawe ni alkalini dKH (kipimo chake) 7.5 hadi 9, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1250 hadi 1400, naitreti 5 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1 (hizi nne kwa sehemu kwa milioni), joto nyuzi 25 hadi 27. Lakini namba nzuri ya kitabuni haikusaidii kama la zamani liko dKH 7.5 na chumvi yako mpya imekupa 11. Tumbawe gumu likirushwa tofauti hiyo, nyama ya nchani hukauka na kuacha mfupa mweupe.

   Kupandisha alkalini ni rahisi: gramu 3 za bekingi soda kwa kila lita 100 huongeza karibu dKH 1. Iyeyushe kwenye maji ya RO/DI, mimina polepole penye mkondo, usizidishe dKH 1 kwa siku. Ni bekingi soda tupu. Bekingi pauda ina vitu vingine ndani, na magadi ya kuchemshia maharage hayafai kabisa. Kushusha ni kugumu, hivyo kama chumvi yako ni kali, lipandishe tangi la zamani polepole kwa kulibadilishia maji kwa chumvi hiyo hiyo, asilimia 10 kila wiki, kwa mwezi mzima kabla. Matumbawe yataanza kuzoea maji mapya yakiwa bado nyumbani kwao.

7. Punguza mwanga. Taa mpya ianze kwa asilimia 40 au 50 ya nguvu, ipande asilimia 5 hadi 10 kwa wiki. Ukipata kipimo cha PAR (mwanga unaotumiwa na matumbawe), zoanthidi na matumbawe ya uyoga wanaridhika na 50 hadi 150, na kati ya matumbawe magumu, Euphyllia 75 hadi 150, Acropora 200 hadi 350. Kila tumbawe liwekwe kwanza chini, lipandishwe baadaye.

8. Hamisha kwa mafungu. La kwanza ni uyoga, zoanthidi na matumbawe ya ngozi. Subiri siku kumi hadi kumi na nne. Yakifunguka vizuri, leta LPS, yaani matumbawe magumu yenye polipu kubwa: Euphyllia, Favia, Acanthastrea. SPS, yenye polipu ndogo, kama Acropora na Montipora zije mwisho kabisa, baada ya alkalini kukaa wiki tatu bila kuyumba zaidi ya dKH 0.5. Anayeanza hupenda kuhamisha Acropora kwanza kwa kuwa ndiyo iliyomfanya anunue tangi kubwa. Hiyo ndiyo itakayokufa kwanza.

9. Toa tumbawe bila kulichana. Zima taa na pampu dakika ishirini kabla. Tazama Euphyllia: vidole vyake vilivyovimba vinaanza kulegea, vinasinyaa kimoja kimoja, mpaka unaona kingo nyeupe za mfupa zimejitokeza kama meno ya kitana. Hapo tu ndipo uishike, chini kwenye mfupa. Ukiinyanyua ikiwa imevimba, uzito wa maji yaliyomo ndani huivuta nyama kwenye kingo hizo na kuichana, na jeraha hilo ndilo mlango wa uozo. Goniopora na Plerogyra ni hivyo hivyo.

   Lenye matawi likate mfupa sentimita 2 au 3 chini ya nyama. Lililotambaa juu ya jiwe, chonga pamoja na kipande cha jiwe, usijaribu kulibandua. Kila moja liingie kwenye chombo chake likiwa bado majini. Matumbawe ya ngozi na Xenia hutoa ute mwingi. Ukiyachanganya na mengine chombo kimoja, yatapigana kwa kemikali. Kama safari ni ya nyumba hadi nyumba, panga vyombo kwenye kasha la barafu bila barafu, litunze joto tu.

10. Yaogeshe. Ndiyo, hata kama matangi yote ni yako. Hii ndiyo nafasi ya kuacha nyuma Aiptasia (anemoni wasumbufu) na minyoo bapa. Fuata kipimo cha chupa, kwa kawaida dakika 5 hadi 10, ukipuliza maji kwa sirinji kwenye kila upenyo, kisha suuza kwenye beseni la pili. Chunguza kwa kioo cha kukuzia. Dawa haiui mayai. Ukiona vidoti vya mayai chini ya tawi, vikwangue au kata sehemu hiyo, na kitako cha zamani kitupe.

11. Zoesha na bandika. Acha chombo kielee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kama chumvi inatofautiana kwa zaidi ya 0.001 au alkalini kwa zaidi ya dKH 1, dondosha maji ya tangi jipya kwa mrija mwembamba, matone 2 hadi 4 kwa sekunde, mpaka maji ya chombo yawe mara mbili, isizidi dakika 45. Maji ya chombo yamwage kwenye sinki, yasiingie tangini.

    Gundi: kausha kitako kwa tishu, weka jeli, bonyeza kwenye jiwe na uzungushe kidogo ili ngozi ya gundi ivunjike, shika sekunde 30. Kwa kipande kizito weka jeli, epoksi, kisha jeli tena. Acha sentimita 15 kuzunguka Euphyllia, na zaidi ya hapo kwa Galaxea, kwa sababu usiku hunyoosha nyuzi ndefu za kuchoma jirani. Weka mfuko wa mkaa wa akwariamu mahali penye mkondo wiki nzima.

12. Pima kila siku kwa wiki mbili. Alkalini kila siku saa ile ile, chumvi kila siku. Tangi la upana wa sentimita 60 lenye feni juu yake linapoteza lita kadhaa kwa siku. Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki; kwa hiyo jazia maji ya RO/DI matupu. Kujazia maji ya chumvi ni kosa linalopandisha kipimo kimyakimya mpaka konokono waanze kuanguka.

Tangi la zamani

Likae na maji na mawe yake wiki nne baada ya tumbawe la mwisho kutoka. Hiyo ndiyo bima yako. Baada ya hapo, kazi bora ya tangi la lita 128 ni karantini. Tangi kubwa lenye mamia ya vipande haliwezi kutibiwa likiingiwa na ugonjwa, na njia ya kuuzuia ni mlangoni tu.

Livunje hivi. Toa mawe, fyonza mchanga ukiwa umefungua madirisha, na usimwage chochote baharini wala mtaroni: si maji, si konokono, si majani. Jaza maji yenye siki sehemu moja kwa nne, liache usiku kucha. Chokaa iliyoganda kwenye pampu na kioo itatoa mapovu na kulegea. Suuza mara tatu. Sabuni isiguse. Kagua silikoni, na ulijaribu tena kwa maji saa 48, kwani tangi lililokaa miaka bila kuhamishwa linaweza kuvuja likiguswa.

Kisha amua jambo moja mapema: litakuwa la samaki au la matumbawe? Dawa ya kawaida ya madoa meupe, ugonjwa wa samaki, ni shaba, na shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Huganda kwenye mawe na huenda ikabaki kwenye silikoni. Tangi lililowahi kutiwa shaba ni la samaki tu, maisha yake yote. Liandikie kwenye kioo.

La matumbawe liache bila mchanga, likiwa na sifongo iliyokomaa, hita, pampu ndogo, taa ya wastani na rafu ya plastiki ya kupangia vipande. Bila samaki hata mmoja kwa siku 76, kimelea cha madoa meupe kilichodandia jiwe hukosa pa kuishi. Kila wiki ogesha vipande, na usiku vikague kwa tochi nyekundu. Wala-matumbawe wengi hutoka gizani.

Ukipenda zaidi kuligeuza samp, yaani tangi la kuchujia maji chini ya tangi jipya, fanya hesabu ya umeme kukatika kabla ya fundi kubandika vioo vya kugawa vyumba. Maji ya tangi jipya yakishuka sentimita 3 tu, zinarudi 120 × 60 × 3, yaani lita 21.6. Kwenye samp ya 80 × 40 hizo ni karibu sentimita 7 za kina. Kwa hiyo maji yake ya kila siku yasizidi sentimita 25 kwenye kioo cha 40, na utoboe tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili livute hewa mapema. Jaribu kwa kuzima pampu mara tatu ukiwa umesimama hapo. Na usitoboe kioo chochote bila kuhakikisha si kile kilichoimarishwa kwa joto. Hicho kinapasuka chote.

Mambo yakiharibika

*Zoanthidi zimefunga siku tatu.* Kawaida. Siku saba, pima chumvi, kisha tafuta konokono au mdudu anayezisumbua.

*Tumbawe la ngozi limefunikwa na utando unaong'aa kama nta.* Linajichuna. Liongezee mkondo, utando utaondoka ndani ya wiki mbili.

*Rangi inapauka lakini nyama bado ipo.* Mwanga mwingi, au naitreti na fosfeti zimefika sifuri. Shusha taa asilimia 20 kwanza. Lisha samaki kidogo zaidi kabla ya kununua chupa yoyote.

*Nyama inabanduka kuanzia chini, kwa saa chache.* Kata matawi mazima sentimita 2 juu ya mstari wa ugonjwa, yarudishe tangi la zamani, pima alkalini na joto papo hapo.

*Ute wa kahawia juu ya Euphyllia, unanuka.* Zima pampu usisambae, ufyonze kwa mrija, toa tumbawe lote, kata vichwa vilivyoguswa, ogesha vilivyobaki. Kuchelewa usiku mmoja kunaweza kugharimu koloni zima.

*Vumbi la kahawia kwenye mchanga na kioo.* Ni mwani wa tangi changa. Hufika na kupita. Usizifukuzie fosfeti mpaka sifuri kwa ajili yake, kwa sababu maji yasiyo na virutubisho hualika dinoflajeleti, zile nyuzi za kamasi zenye mapovu, na hizo ni ngumu kuziondoa.

*Umeme umekatika kwa muda wa saa tano.* Pampu ya hewa ya betri iende tangi lenye samaki wengi. Taa iache. Joto likipanda, weka chupa za barafu zilizofungwa vizuri zielee majini, moja moja, usishushe zaidi ya nyuzi 1 kwa saa. Umeme ukirudi, hakikisha kila pampu imewaka kweli. Ile iliyokwama kwa chokaa hubaki kimya.